Saa Moja ni Ngapi

Bi Tahira aliniuliza mlangoni, kabla sijavua viatu:
"Mwalimu, saa moja ni ngapi?"
Nami kwa woga nilitaka kumjibu
kuwa saa moja ni magharibi ishasaliwa,
saa moja ni taa za Nyali kuwaka zote kwa pamoja
na za kwetu Likoni kufikiria kwanza.

Usiku wa kuamkia siku ile nililala na karatasi.
Nilianza na elfu moja, nikaifuta.
Mia tano: nikaona haya mbele ya cheti changu
kilichotundikwa juu ya jokofu lisilogandisha.
Mwalimu Ouko wa Kemia alishanishauri,
huku akimenya yai la kuchemsha:
"Ukishataja bei, funga mdomo.
Neno lolote baada ya bei ni punguzo."

Nikasema, "Mia nane."
Kisha nikasema, "Lakini tunaweza kuzungumza."
Hakuzungumza. Alikubali upesi
kama mtu aliyeokota noti na hataki kugeuka nyuma.

Wahenga walinena kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hawakuuliza nauli.
Jumanne na Alhamisi najitembeza:
mguu mpaka feri, feri bure,
gari hadi Buxton, tuktuk hadi geti la kijani
ambapo bawabu huandika jina langu kitabuni,
kila mara vingine:
Mejuma. Mwanajuma. Juma lililopita, Tuisheni.

Mtaani kwetu, Mbwana wa Mama Mapenzi
hunijia na daftari linalonuka viazi karai.
Kwake saa moja ni sahani moja
na ukwaju juu.
Siku ambayo biashara imelala, mama yake hutuma salamu,
nami hupokea salamu, nikaandika: imelipwa.
Hesabu hiyo sijui niiweke safu gani.

Alhamisi tulifika kwenye viwango.
Mifano ikaniishia. Yale mabomba ya kujaza tangi
tumeyafungua mpaka tangi limefurika.
Nikaandika bila kufikiri:

Mwalimu fulani hutoza shilingi mia nane kwa saa.
Hufunza saa moja na nusu.
Nauli, kwenda na kurudi, ni mia tatu.
Njiani hutumia saa mbili; kutayarisha na kusahihisha, saa moja.
Je, saa yake moja ni shilingi ngapi?

Nawal akalamba ncha ya penseli.
Elfu moja mia mbili, toa mia tatu.
Mia tisa kwa saa nne na nusu.
Akagawanya. Akafuta. Akagawanya tena,
akidhani amekosea.
"Mia mbili," akasema. "Haiwezekani."
"Inawezekana. Jipigie vyema."
Hakujipigia. Aliutazama mkoba wangu,
ule mkanda nilioushona kwa uzi wa rangi nyingine.
"Fundi wa eisii," akasema polepole,
"jana alichukua elfu tatu. Alipuliza vumbi tu."
Kule jikoni kijiko kilisimama ndani ya kikombe.
Nikapindua ukurasa.

Leo niko mbele ya kioo.
"Elfu moja na mia mbili, Bi Tahira. Na nauli mbali."
Halafu nafunga mdomo na kuhesabu mpaka kumi.
Mara ya kwanza nimecheka.
Mara ya pili nimeomba radhi, kioo kikaniangalia.
Mara ya tatu nimefika saba,
sauti imetulia, mabega yamekaa,
ndipo hodi ikapigwa: Mbwana na sahani yake
iliyofunikwa kwa gazeti.

"Nimechelewa, mwalimu?"
Nikatazama saa ya ukutani.
"Hata. Ni saa moja kamili," nikamwambia.
"Ingia upesi, visipoe."